Papa Fiston Anataka Kuitwa Kaka

Fiston mwanangu,

Cheka kwanza. Najua utacheka, kwa sababu mimi nina miaka kumi na tisa na wewe kumi na saba, na tangu uote hizo ndevu tatu za kidevuni, watu wakisikia unaniita Mama hugeuka kumtafuta mtu mwingine nyuma yangu. Cheka sasa umalize, maana huko mbele nitakuomba usicheke.

Wote wako kanisani wanakuombea safari, na wewe umo katikati yao umepiga magoti. Nimesema nabaki kuangalia sombe, majani yetu ya mihogo. Hakuna aliyebisha. Sombe ya shangazi yako, Tantine Odette, inataka mtu wa kuikoroga mchana mzima, na mimi nikiwa chumbani na watu wengi ni kama sipo. Unanijua. Mdomo wangu hufunguka watu wakishaondoka. Kwa hiyo naandika, mwiko mkono mmoja, kalamu mkono mwingine, na kama ukiona doa la mafuta ya mawese ujue ni hapo nilipokumbuka sufuria.

Habari za koti, dawa na chakula cha ndegeni sitazigusa. Tantine atakuambia yote kwenye ngazi, halafu tena ndani ya gari, halafu tena kwa sauti kubwa mbele ya watu wa uhamiaji. Mimi nataka tuzungumze juu ya jana.

Jana Tantine aliweka simu juu ya meza na kufungua sauti ili baba yako atusalimie wote kutoka Hispania. Sebule ilijaa. Watu wa saluni yake walikuwepo, majirani walikuwepo, mzigo wako ulikuwa mlangoni na baiskeli imeshafungwa kwenye boksi lake. Tantine akamwita ndugu yake kama kila mtu wa kwetu anavyomwita mwanamume aliyezaa, kwa jina la mtoto wake wa kwanza.

"Papa Fiston! Uko sawa? Mtoto yako iko tayari, bana! Hata kulala halali!"

Simu ikakwaruza. Nilidhani imekatika.

"Odette, usiniite hivyo."

"Sasa nikuite nani? Monseigneur?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Niite kwa jina langu. Mke wangu anasikia. Neno papa kwao ni papa vilevile." Kisha akashusha sauti, kama vile kushusha sauti kungemfanya asisikike katika sebule ya watu kumi na tano. "Fiston, uko hapo? Sikiliza. Ukifika huku mimi ni kaka yako. Grand frère. Ndivyo nilivyowaambia. Walinikuta sina mtu, nikasema sina mtoto. Sasa nirudi nyuma namna gani? Ni neno tu. Kwetu si tunaitana tu? Feza si unamwita mama?"

Na Tantine, Mungu amsamehe, akapiga paja lake. "Kweli! Huyu Feza anaitwa mama na hajawahi kuosha hata nepi moja. Sasa baba kuitwa kaka, iko shida gani? Mtoto afike kwanza!"

Halafu wote wakakuangalia wewe. Nami nilikuangalia. Uliinama juu ya simu, ukacheka, ukasema, "Sharp, kaka."

Sebule nzima ikapiga makofi. Baba yako akacheka kicheko kirefu cha mtu aliyetua gunia. "Mdogo wangu!" akasema. "Mdogo wangu, karibu!"

Nilikuwa nimesimama karibu na jiko. Nilikuwa na haki ya kusema. Kati ya wote waliokuwa mle ndani, mimi ndiye niliyekuwa na haki hiyo, na unajua niliipataje.

Yaya Mado, dada yangu, mama yako, alipokufa, wanawake wa kwetu walioko Durban walikusanyika kwenye matanga, na siku ya kuondoa godoro wakanikalisha juu yake mahali alipokuwa analala. Nilikuwa na miaka kumi. Wakakuleta. Ulikuwa na minane, suruali yako ya shule ilikuwa imepasuka goti. Mama mmoja mwenye sauti kubwa akasema, "Huyu ndiye mama yako sasa. Ukimtukana yeye umemtukana Mado." Ukanitemea mate mguuni. Wanawake wakataka kukupiga, mimi nikaficha mguu chini ya kitenge ili wasiyaone mate. Zilipita siku, ukaja jikoni kutaka maji. Ulikuwa unauangalia ukuta. Ukasema, "Mama, maji." Nikakupa.

Mimi jambo hilo sikulichukua kama mchezo. Labda mtoto mwingine wa miaka kumi angelichukua hivyo. Mimi nililala na neno hilo, nikaamka nalo, nikaenda nalo shuleni. Wenzangu walipobaki uwanjani mimi nilikuja kukusubiri kwenye geti la shule yenu. Kwa hiyo baba yako anaposema kwetu tunaitana tu, najua anatumia kitu changu kufunikia kitu chake. Kwetu tunaitana ili mtoto aongezewe mtu. Sijawahi kusikia tunaitana ili apunguziwe.

Hayo ndiyo niliyotaka kuyasema jana. Niliyajua yote, maneno yalikuwa yamepangwa mdomoni, na nilichofanya ni kukoroga chai.

Baadaye ulikuja kuosha kikombe nikakuuliza, "Kwa nini ulicheka?"

Ukanijibu bila kugeuka. "Si wewe ulinifundisha, Mama? Cheka, kisha pita."

Nimekaa na jibu hilo tangu jana. Sijapata pa kuliweka.

Unakumbuka taxi ya Isipingo. Nilidhani umesahau, lakini mtu hawezi kutoa maneno yangu yenyewe hivyo kama amesahau. Tulikuwa tunarudi, taxi imejaa, nawe ulikuwa unanieleza kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtoto, habari ya mbwa mwenye miguu mitatu uliyemwona rank, pale stendi ya taxi. Mwanamume mmoja mwenye ovaroli akasema, "Dereva, fungua dirisha, humu kuna redio mbovu." Wote wakacheka. Hukuelewa mara moja, ukaendelea na mbwa wako. Yule akaongeza, "Na haina kitufe cha kuzima!" Nikakubana paja mpaka ukanyamaza, nikacheka pamoja nao. Nilicheka vizuri kabisa, kama mtu anayeelewa utani.

Tulipokuwa tunasubiri kwenye robot, taa za barabarani, ili tuvuke, ukaniuliza, "Mama, mbona umecheka? Si alikuwa anatusema sisi?"

Nikakuambia, "Ukicheka nao hawakupigi. Cheka, kisha pita."

Ubaya wa somo hilo ni kwamba linafanya kazi. Hatukupigwa. Miaka ile watu wa kwetu walipokuwa wanavunjiwa vibanda, sisi tulipita katikati ya maneno tukitabasamu, na hakuna aliyetugusa. Nikajiona mama mwerevu. Sikuona kwamba kila ulipocheka ulikuwa unasogea nyuma hatua moja, na kwamba ningekuja kukupeleka uwanja wa ndege ukiwa umesogea mpaka humo ndani hakuna mtu wa kukataa jambo.

Baiskeli nayo niliiona ikiingia kwenye somo hilo hilo. Tantine alipokupa ile ya kwanza upeleke nywele za kusuka kutoka saluni ya Warwick mpaka kwa wateja wake, mafungu yalikuwa yananing'inia nyuma yako, na wasichana wa rank wakikupigia kelele, "Bhuti, huo mkia wako unauza bei gani?" Ukicheka, ukipita. Kisha siku ile ukapeleka mzigo Westville, na kwenye kilima ukawapita watoto wa klabu ya baiskeli waliovaa jezi za kubana, wewe una kandambili na furushi la nywele mgongoni. Kocha wao alisimamisha bakkie, gari lake dogo la mizigo, katikati ya barabara akutazame. Ulipokuja kuniambia hukuweza hata kukaa. Ulizunguka meza. "Mama, niliwapita! Mama, walikuwa wanahema kama mbuzi!" Hicho hakikuwa kicheko nilichokufundisha. Hicho kilikuwa chako. Natamani ningeijua tofauti yake wakati ule.

Kocha akakuchukua, na klabuni wakakufundisha kukata upepo. Ulinieleza kwa vijiko mezani: anayekwenda mbele anaula upepo wote, wa nyuma wanapumzika kwenye kivuli chake, kisha mnabadilishana, ndiyo adabu ya barabara. Lakini wewe hukubadilishwa. "Kwere, mbele!" walikuambia kwa lile jina la kuwadharau wageni, kila Jumamosi, mpaka mguu wa mlima, na mlima ulipoanza wakakuacha umechoka. Ukirudi nyumbani ulisimulia kama utani. Nami nilikupakulia chakula nikicheka.

Halafu ikaja Jumamosi ya Botha's Hill, nilipopanda kwenye bakkie ya kocha niwagawie chupa za maji. Uliula upepo tangu chini kama kawaida. Lakini mlima ulipoanza hukuchoka. Nilikuona ukinyanyuka kwenye kiti, na wale wengine wakabaki kama nguo zilizoanguka kutoka kwenye kamba. Ukawa peke yako na barabara. Sijawahi kukuona mzuri vile. Kisha karibu na juu, pale wanapouza maparachichi, ukasimama. Ukashuka. Ukainama ukajifanya mnyororo umetoka. Mnyororo ulikuwa mahali pake; kutoka kwenye bakkie niliuona. Wakakupita mmoja mmoja wakicheka, nawe ukacheka, ukapanda tena, ukafika wa mwisho.

Kocha akazima injini. "Sisi," akaniambia, yaani dada kwa lugha yao, "miguu anayo. Nani alimfundisha kuomba ruhusa ya kushinda?"

Nikageukia dirisha. Ulipopita karibu ukanitafuta kwa macho, nami nikakutikisia kichwa kukubali. Vizuri. Ndivyo nilivyomaanisha. Vizuri mwanangu, hawatakuchukia leo.

Nikisema nimekukosea, ni hapo. Njaa, nguo, shule, hayo ni maisha, sikuyaumba mimi. Kutikisa kichwa kulikuwa kwangu.

Sasa unakwenda kwenye nyumba ya wakwe wa baba yako, inayopokea waendesha baiskeli, kukaa msimu mzima ukiwatangulia wageni milimani. Ndiyo nyumba iliyokualika, na wakikupenda utabaki. Tangu mwaliko ufike nimezitembea barabara zile zote. Usishangae. Saluni ina wi-fi, na mchana wateja ni wachache. Nafungua ramani kwenye simu, nashuka mpaka kwenye picha za barabarani, nasukuma kwa kidole. Nimetoka mlangoni kwenye nyumba yao, nimeshuka mpaka mtoni, nimevuka daraja la mawe ambalo magari mawili hayapishani. Baada ya daraja barabara inapinda kulia na kupanda kati ya miti iliyokatwa matawi, ukuta wa mawe upande mmoja, korongo upande mwingine, bila uzio. Kona zake ni kali, moja ndani ya nyingine. Juu kabisa kuna kijiji, na mwanzoni mwa kijiji kuna bomba la jiwe lenye midomo miwili, maji yanatoka siku zote, hakuna wa kulifunga. Hapo ndipo wageni hujaza chupa. Majina ya vijiji siwezi kuyatamka lakini mapipa yao ya taka nayafahamu.

Kwenye ukurasa wao wameandika kwamba barabara hizo ni za kimya. Wanarudia neno hilo mara nyingi. Wageni wanatoka mbali kutafuta kimya. Nikajiuliza kimya hicho kimetoka wapi, maana sisi tunaokaa juu ya rank tunajua kwamba kimya hakiji bure. Nikasukuma kidole polepole. Katika kijiji cha bomba la jiwe kuna shule. Mlango wake umepigiwa ubao na majani yameota kwenye ngazi. Nyumba sita zimefunga madirisha, ya saba imeanguka paa. Mbele ya nyumba ya njano ameketi bibi kizee kwenye kiti cha mbao, mikono mapajani, anaitazama kamera. Picha zile zina miaka. Ukibonyeza unaona za baadaye. Nikabonyeza. Kiti kipo. Bibi hayupo.

Hicho ndicho kimya chao. Watoto wao waliondoka mmoja mmoja kama wewe kesho, kila mmoja na boksi lake, na mama zao wakabaki kutazama barabara mpaka kiti kikabaki peke yake. Sasa watu wanakuja kupanda milima hapo na kusema ni pazuri. Labda ni pazuri. Lakini ukipita pale usipite kama mgeni. Punguza mwendo, ukimwona mtu mlangoni msalimie, hata kwa Kiswahili, kwa sauti. Hapo hakuna atakayekubana paja.

Baba yako hapo ana picha nyingi, unazijua, zile anazotutumia. Amesimama karibu na bomba, kofia ya baiskeli kichwani, mkono kwenye usukani. Tantine amezionyesha mpaka kwa watu wa mochwari. Mimi nimezitazama kuliko yeye. Jezi yake haina jasho, Fiston. Hata tone moja. Pembeni ya mbili kati ya picha hizo unaona mlango wa gari lao ukiwa wazi. Nadhani anapandishwa na gari, anashushiwa baiskeli, anapigwa picha. Simcheki kwa hilo. Nakuambia tu ili ujue unakwenda kwa mtu wa namna gani: mtu anayependa kufika bila kupanda.

Na alikuwa hivyo tangu zamani. Wewe unasimulia watu kwamba ndiye aliyekufundisha baiskeli. Mimi nilikuwepo. Yaya Mado alikuwa bado hai. Baba yako alikukalisha juu ya baiskeli ya kuazima pale kwenye mteremko wa bustani, mama yako akasema mshike, yeye akasema, "Mtu hafundishwi baiskeli, anaangushwa," akakusukuma. Kovu la kidevu ndilo hilo ambalo ndevu zako zinajaribu kulifunika. Mama yako alikimbia na kitenge. Damu ilikuwa mpaka shingoni. Na wewe, mtoto mdogo, ukamtazama baba yako usoni, ukaona anangoja, ukacheka. Akakunyanyua juu. "Mmeona? Anacheka! Huyu ni wangu!"

Ni mara pekee niliyomsikia akisema hivyo. Kwa hiyo labda kicheko hukukipata kwangu tu. Labda jana ulipoinama juu ya simu ulikuwa bado juu ya ule mteremko, damu shingoni, ukimngojea aseme tena maneno yale matatu. Akasema mengine mawili. Mdogo wangu.

Sikuambii usiende. Nenda. Hapa utabeba nywele mpaka uote mvi. Miguu uliyonayo ni ya milima ile, na mimi sitakuwa mtu wa kukuzuia nikuweke karibu na jiko langu. Ninachokuomba ni kimoja.

Siku ya kwanza atataka kupanda nawe mbele ya wageni, akuonyeshe. Mke wake atatangulia na gari mpaka kwenye bomba la jiwe na matunda na mkate, ndivyo wanavyofanya kila mara, iko kwenye ukurasa wao. Mpaka darajani mkatie upepo, ni mtu mzima na ni baba yako. Baada ya daraja, barabara ikipinda kulia, usimngoje. Akikuita usigeuke. Usishuke kutengeneza mnyororo ambao haujatoka. Panda mwanangu, kama siku ile ya Westville, kama unao ule mkia wa nywele mgongoni. Fika peke yako. Kunywa. Kisha jaza chupa nyingine na usimame katikati ya barabara, na akitokea kwenye kona ya mwisho, anahema, jezi imelowa kwa mara ya kwanza, mpe maji. Na unapompa umwite Papa. Mara moja. Usipige kelele, usiseme kwa hasira. Sema kama ulivyoniambia "Mama, maji", ila usitazame ukuta. Mtazame yeye.

Akiitika, mengine mtajua wenyewe. Akigeuka kumtafuta mtu mwingine nyuma yake, kama watu wanavyogeuka kwangu, basi umepata jibu, na usimwulize tena mpaka azeeke.

Najua linaweza kukugharimu nini. Wanaweza kukurudisha kabla msimu haujaisha. Tantine atasema nimekuroga. Ameshawahi kulisema neno hilo juu ya watoto wa watu kwa makosa madogo kuliko haya. Watu wa kanisa watanihama kwenye benchi. Na kuna jambo jingine ni lazima nikuambie, ili ujue shauri hili limetoka kwa mtu gani. Kuna upande wangu unaotaka akukane. Unataka ageuke, aangalie nyuma, mbele ya mke wake na wageni wote, ili urudi hapa ukiwa na mama tu na huna kingine. Nimekaa na upande huo tangu jana, nimeushikia mwiko, haujaondoka. Kwa hiyo usinitii kwa sababu mimi ni mwema. Lipime shauri lenyewe. Ukiona ni wivu wa Feza, lichane, umwite kaka, ule mkate wao.

Lakini kama utamwita kaka, basi mwite bila kucheka. Hilo nakuagiza kama mama. Liseme kwa uso mkavu, ajue unamfanyia kazi.

Nitaiweka barua hii kwenye mfuko wa nyuma wa jezi yako, ule wa katikati, unaowekaga ndizi. Utaikuta utakapoifungua jezi huko, si kabla.

Nasikia ngazi. Wanarudi, wanaimba, na sauti ya Tantine iko juu ya zote. Nimeinua kifuniko sasa hivi. Sombe imeshika chini, Fiston. Imeungua, nyumba nzima inanuka, na mimi nilikuwa nimeketi hapa hapa. Najua kitakachotokea. Tantine ataingia na wageni nyuma yake, atanusa, ataweka mikono kiunoni, aseme, "Tazameni mama wa watu! Mtoto wa miaka kumi na saba amemlea, sufuria imemshinda!" Na watu watacheka, kwa sababu itachekesha. Nawe utakuwa mlangoni, utanitafuta kwa macho kama kawaida.

Leo nataka nisicheke. Nataka nimwangalie Tantine, niseme, "Nilikuwa namwandikia mwanangu," nikae kimya.

Sijui kama nitaweza. Utakapoisoma hii utakuwa umeshaniona uso.

Mama yako,
Feza